Mkono Kwanza, Meli Baadaye

Barua ilimfikia mume wangu shuleni siku ya Ijumaa, na kufikia Jumapili asubuhi nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa mtaa wetu wa Gongoni ninaowafahamu, na wengine nisiowafahamu. Tunakwenda Uganda! Mwalimu, kama nilivyokuwa nikimwita mume wangu hata ndani ya nyumba, alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma ualimu wa juu kwa miaka miwili, na wenye familia wangepewa nyumba ya kukaa. Tutapanda gari moshi mpaka Mwanza, kisha meli. Mimi nilizaliwa Kipalapala, ambako baba yangu alilima bustani jirani na seminari na kuwapelekea mapadri mboga. Sikuwahi kufika hata Nzega. Meli niliijua kwa picha ya kalenda tu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, Mwingereza bado yupo, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka sita.

Binti huyo aliungua akiwa bado anatambaa. Niliweka sufuria ya uji chini ipoe, nikageuka kuchukua kata, na katika kugeuka huko akaingiza mkono wa kulia. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alimpaka asali siku nyingi mpaka kidonda kikafunga. Lakini kilipofunga kilivuta vidole vitatu vikalala kiganjani, vikashikana na ngozi. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Mimi mwenyewe kila nikimwogesha na kufika kwenye mkono ule nilikuwa nasugua polepole na kutazama pembeni.

Jina lake lilikuwa limeandikwa hospitali kwa zaidi ya mwaka, tukimngoja daktari wa upasuaji, Mzungu aliyezunguka majimbo kwa gari moshi. Basi Jumatatu ileile baada ya barua, dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, ambaye alikuwa jirani yetu, akateremka kwenye baiskeli mlangoni kwetu akitabasamu.

“Mama, habari njema. Daktari anaingia wiki ijayo. Mtoto wako ni wa tatu kwenye orodha.”

Nikamshukuru. Kisha nikaingia ndani, nikahesabu siku kwa vidole. Daktari angempasua siku kumi kabla ya safari yetu.

Kesho yake tulikwenda wote watatu kumwona mganga msaidizi, mzee mmoja mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaushika mkono wa mtoto, akavipapasa vidole kimoja kimoja, akatueleza bila haraka. Vidole vitaachanishwa, kisha watachukua ngozi kidogo pajani na kuifunika sehemu iliyo wazi. Nyuzi zitatolewa baada ya wiki mbili. Mkono utafungwa kwenye kibao mwezi mzima, na bandeji zibadilishwe mara kwa mara na mtu anayejua kazi hiyo.

“Kwa hiyo ndani ya gari moshi?” Mwalimu akauliza.

“Vumbi, moshi, watu wamebanana. Hapana, Mwalimu.”

Hapo nikasema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii. Nilisema, “Mbona amekaa nao mkono huo miaka mitano? Hatuwezi kungoja mpaka turudi?”

Mganga hakunikaripia. Alivua miwani yake tu. “Mifupa inakua, mama. Leo ana miaka sita, vidole hivi vitanyooka. Akirudi ana minane au tisa, mimi siwezi kukuahidi.”

“Na Uganda hakuna hospitali?” nikauliza.

“Zipo, kubwa kuliko hii. Lakini mtaanza foleni upya, na hamjui mtu.”

Tulirudi nyumbani. Nisiseme uongo: sikuwa nawaza vidole. Nilikuwa nawaza meli. Nilikuwa nimeshashonesha gauni la safari, la bluu, lenye ukosi mweupe, nami nililijaribu kila siku mlango ukiwa umefungwa.

Jioni ile mama mkwe akaja kutoka mtaa wake wa Mtendeni. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa shauri lake. “Nendeni ninyi. Mtoto niachieni. Atapasuliwa, nitamuuguza, mtamkuta mzima.”

Mwalimu akainamisha kichwa. Niliona anataka kukubali, kwa maana alichelea kumkatalia mama yake, na tena alichelea kuishi peke yake ugenini. Akajaribu njia nyingine: angeomba apewe mwezi mmoja zaidi. Lakini barua ilisema wazi kwamba asiyefika siku ya kwanza nafasi yake atapewa mwingine.

Mtoto alikuwa ameketi mkekani, anamenya karanga kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukizizuia zisibingirike. Hatukujua kama anasikiliza. Akasema bila kuinua kichwa, “Mimi nataka kwenda Uganda na mkono mpya. Na mama awepo.”

Hakulia, wala hakubembeleza. Nilijisikia uso ukiwaka moto. Nikajikuta nasema kabla sijajua nasema nini: “Mwalimu, wewe tangulia. Sisi tutabaki, apasuliwe, apone. Nitamleta mwenyewe.”

“Peke yako?” akashangaa. “Gari moshi, kisha meli, na mtoto mgonjwa?”

“Atakuwa amepona.”

Nilitazamia mama mkwe apinge. Badala yake akacheka, cheko refu lililomtoa machozi. “Baba yangu alikuwa mpagazi,” akamwambia mwanawe. “Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu. Na unadhani mama yangu alibaki nyumbani? Alimfuata nyuma, chungu kichwani, mimi mgongoni. Mkeo atakaa kwenye benchi na kuvutwa na injini. Mwache aje.”

Basi ikawa hivyo. Nililikunja lile gauni, nikaliweka chini kabisa ya sanduku.

Siku ya upasuaji walimchukua asubuhi. Mwalimu na mimi tulikaa barazani na wenzetu waliokuwa na wagonjwa wao, tukinusa ile dawa ya usingizi kila mlango ulipofunguliwa. Alipotolewa alikuwa amelala, mkono mzima mweupe kwa bandeji. Alipoamka neno lake la kwanza lilikuwa, “Vimefunguka?” Mwalimu akamwambia ndiyo, ingawa hakuwa ameviona. Siku kumi baadaye tulimsindikiza mume wangu stesheni. Mtoto alimpungia kwa kile kibao chake kikubwa, na abiria wengine nao wakampungia yeye.

Sitaisahau siku walipofungua bandeji ya mwisho. Vidole vilikuwa vimepauka, vyembamba, ngozi yake laini kama ya mtoto mchanga. Lakini vilikuwa vitano, kila kimoja mahali pake! Mganga msaidizi akamwambia avikunje na kuvikunjua mara nyingi kila siku, hata kama vinauma. Mama mkwe akaleta bonge la nta, akawa analipasha moto kidogo na kumpa alifinye. Asubuhi nta, mchana nta. Mtoto alifinyanga ng’ombe, akafinyanga kuku, akafinyanga vitu visivyojulikana, akilalamika na kucheka papo hapo. Kidole cha mwisho kilikataa kunyooka vizuri. Vingine viwili vilitii.

Mwalimu aliandika kwamba nyumba ipo, ina vyumba viwili na bomba nje, na kwamba wali wa huko haumpendezi. Mganga akatupa ruhusa. Sasa gauni likatoka sandukuni.

Tulipanda gari moshi la Mwanza mchana, na kikapu cha matobolwa, yale matamu ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na chupa ya asali iliyofungwa kwa vitambaa vitatu. Mama mkwe alitembea sambamba na behewa mpaka jukwaa likaisha. Sikulia. Nilikuwa na furaha hata nikaona aibu. Kila stesheni nilitoa kichwa dirishani, na mama mmoja wa Kisukuma aliyeketi mbele yetu akaniuliza kama ni bibi harusi.

Halafu asubuhi, Mwanza, na ziwa. Nilidhani ni mbingu imeshuka nyuma ya nyumba. Binti yangu akanivuta gauni: “Mama, ng’ambo iko wapi?” Nikamwambia sijui, maana hata mimi nilikuwa naitafuta.

Melini nilitapika tangu tulipotoka mpaka Bukoba. Yeye hakutapika hata mara moja. Alizunguka kila mahali, akirudi kunipa habari: ameona injini, ameona baharia anakula samaki, amepanda ngazi za chuma peke yake. “Umejishika?” nilimuuliza, macho nimefumba. “Kwa mikono miwili,” akajibu, akaondoka tena.

Tulipofika Uganda, Mwalimu alikuwa gatini, amekonda, amevaa suruali ndefu ambayo sikuijua. Alinisalimia haraka haraka, akachuchumaa mbele ya mtoto. Akaushika ule mkono, akaugeuza juu na chini, akakigusa kile kidole kilichopinda.

“Hiki kinauma?”

“Asubuhi tu. Baba, unajua meli ina kengele?”

Akaitikia kwa kichwa, mkono ule hakuuachia. Ikabidi mimi nichukue sanduku. Miguu yangu ilikuwa bado inayumba kwa mawimbi, watu wanapiga kelele kwa lugha ambayo sikuelewa hata neno moja, nami nilikuwa nacheka. Tukapanda lori, nikaomba nikae mbele, na njia nzima nikamsumbua dereva kwa kumuuliza kila kitu kinaitwaje.