Mama Mkwe Kiwandani

Nilipofanywa meneja wa kiwanda cha barafu pale Kisian, mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi minne na chupa ameikataa katakata. Mume wangu, mwalimu, alimwogesha na kumvalisha kila asubuhi, lakini kunyonyesha asingeweza. Ndipo mama yake akaja kutoka Pap Onditi na kikapu cha viazi vitamu, akasema atakaa mpaka mtoto ale ugali.

Kazi yangu hakuipenda. Jioni nikirudi, blauzi imeloa maziwa, alinitazama kisha akamwambia mwanawe, "Ofisi hailei mtoto." Mume wangu akaenda kusonga ugali. Hilo nalo lilimchoma mama.

Asubuhi moja nilikuwa ofisini na wachuuzi wa samaki, wote wazee wanaume, waliokuja kulalamika kwamba barafu inayeyuka kabla ya kufika sokoni. Mlango ukafunguka. Mama mkwe, jasho linamtiririka, mtoto mgongoni analia.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama, si ungenipigia simu?"

"Simu inanyonyesha?" Akawageukia wale wazee. "Nyinyi wote mlinyonya. Ngojeni."

Mzee mmoja akaangua kicheko, akanisogezea kiti karibu na dirisha. Nikajifunika leso, nikamnyonyesha mtoto, na mazungumzo ya barafu yakaendelea. Nilipendekeza tuifunike kwa maranda ya mbao na kupakia alfajiri. Walibishana, wakakubali. Mama mkwe alikaa pembeni, akisikiliza.

Nikimsindikiza getini aliniuliza, "Wale wazee wote wanakusikiliza wewe?"

"Wananisikiliza, Mama."

Alitembea hatua kadhaa. "Basi kesho nitamleta tena."

Alimleta kila siku kwa miezi mitatu. Walinzi wakamzoea, wakamtafutia kiti kivulini. Mara nyingine nilimkuta amesinzia, mtoto kifuani, mashine zikinguruma nyuma yake. Nilikuwa nimechoka siku zile kupita maelezo, na bado ndizo ninazozikumbuka kwa hamu.

Mtoto huyo sasa yuko shule ya bweni. Mimi nimehamishiwa ofisi ya mjini, yenye kiyoyozi na zulia. Mama mkwe hasafiri tena, miguu imemkatalia. Jumapili iliyopita tulimkuta uani kwake na akina mama wa kanisa. Aliwaambia, bila kuniangalia, "Huyu ndiye meneja wetu."

Nikaingia jikoni kuwachemshia chai.