Chai Nzito ya Kabazi

Juzi nilikuwa Kabazi (si Subukia, kama watu wa mjini wanavyosema) kwa mjane mmoja, afisa wa kilimo alipokuja kuwapanga wakulima: nani ataumia zaidi mvua ikizidi kupotea. Watakaoumia zaidi wangepewa tangi la maji.

Kwa heshima ya mgeni, mama huyo alikuwa ameomba maziwa yote ya jirani, akapika chai nzito.

"Mathe, wewe uko sawa," afisa alisema, akinyoosha kikombe aongezewe. "Nakuweka kwa wanaojiweza."

"Na mahindi yangu yaliyokauka?"

"Na chai kama hii?"

Mama alimtazama, kisha akammiminia. Mgeni haambiwi kwamba maziwa ni ya kuomba.

Tangi lilienda kwa jirani yule yule wa maziwa, ambaye afisa alimkuta akinywa strungi, chai isiyo na maziwa. Sasa mama huomba maji huko huko.