Siku Niliyomwacha Saidi Alale

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, jua limewaka mpaka lami ya Kariakoo inanata kama haluwa. Nilikuwa mhudumu kwenye wodi ya majeruhi wa vichwa, na kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini. Wagonjwa wake ungewapanga mstari, wa mwisho angekuwa Posta anaulizia stempu.

Wauguzi wetu karibu wote walihamishiwa kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu. Wenye uvimbe wa kusubirika wakaambiwa wasubiri nyumbani, tukabaki na chumba kimoja cha upasuaji kwa walioumia ghafla tu. Ndugu nao wakazuiwa getini. Hilo lilituumiza, maana ndugu ndiye anayekaa kando ya kitanda na kugundua kwamba mgonjwa wa leo siye yule wa jana.

Basi Sista Hilda, mkuu wa wodi, akanikabidhi tochi na karatasi. “Kila saa umwamshe kila mgonjwa. Akutajie jina, akubane mkono, ummulike macho. Akikutukana, mshukuru Mungu, endelea.”

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwapo Saidi, mchukuzi wa mizigo wa Kariakoo. Ndiyo kwanza serikali imeruhusu bidhaa za nje, mitumba inashushwa usiku na mchana, na belo moja, zito kama tembo mwenye mimba, lilikuwa limemwangukia kichwani. Siku mbili alilalamikia kichwa. Mchana ule akapata usingizi. Nikamhurumia, mwanangu. Saa saba nikampita, nikaandika “amelala vizuri”. Saa nane nikaandika vilevile, tena kwa mwandiko mzuri.

Kisha nikashuka getini kupeleka salamu. Mkewe, Bi Somoe, alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, ametoka Magomeni.

“Shemeji, mumeo kalala kama sultani!”

“Kalala? Mchana huu? Umeongea naye?”

“Nimemwacha apumzike.”

“Saidi halali mchana hata akiwa na homa. Anakoroma?”

“Anakoroma kama lori la Lindi!”

Hakucheka. “Kaka, mume wangu hana tabia ya kukoroma. Nenda kamwamshe. Mimi sibanduki hapa.”

Nikapanda ngazi huku nikinung'unika kwamba watu wa Magomeni wanajua kila kitu. Nikamwita Saidi, nikamtikisa, nikambana kidole. Kimya. Nikamfunua macho: mboni moja ndogo, ya pili imetanuka kama kifungo cha koti. Nilipiga ukelele nadhani hata Upanga nzima iliacha chai.

Sista Hilda alifika mbio, akamtazama, akaishika karatasi yangu. “Hapa saa saba na saa nane, ulimwamsha?”

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikasema, “Hapana, Sista.”

Daktari aliambiwa hivyo hivyo, kwamba tangu saa sita hakuna aliyemwangalia. Hakusubiri kitu. Saidi akasukumwa chumba cha upasuaji, fuvu likafunguliwa, damu iliyoganda ikatolewa.

Jioni Sista aliniita. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. “Ndugu zao tumewafungia nje, na wao ndio waliokuwa macho yetu. Nikakupa wewe kazi ya macho, ukaandika usichokiona.”

Saidi alipona, ingawa mkono wa kushoto ulibaki mzito na mizigo ikamshinda. Bi Somoe hakunigombeza. Aliniambia tu, “Kesho ukinijia na neno, uwe umetoka kumwona.”

Mwanangu, huruma ni kitu kizuri, lakini huruma ya kumpita mtu ni uvivu uliovaa vizuri. Ukipewa kumwangalia mgonjwa, mtoto au mzazi wa mwenzio, msogelee, mguse, akujibu mwenyewe. Usimpoze mtu moyo kwa habari ambayo hukuithibitisha. Na ukikosea, sema mapema, maana ukweli wangu wa aibu ndio uliompa daktari haraka.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama watu, na siku utakapolala wewe, akuwekee mtu wa kukuamsha. Amina.