Mama Tope, msoma mvua za kale kwenye udongo wa ziwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Tope ananawa mikono hadi viwikoni kama daktari wa upasuaji, anavaa koti zito la sufu, kisha anafungua mlango wa chumba baridi. Rafu zimejaa mabomba ya plastiki ya urefu wa mita moja moja, yamefungwa nailoni kama vichanga.

Anachukua moja kwa mikono miwili, analilaza mezani. Limeshapasuliwa kwa urefu, na ndani yake kuna tope la ziwa. Kwa kisu chembamba anakwangua uso wake taratibu, akifuata mistari, asije akachanganya mwaka na mwaka.

Mistari inajitokeza: kijivu, mweusi, kijivu, mweusi. Wa kijivu ni udongo ulioletwa na mito wakati wa mvua. Mweusi ni mabaki ya vimea vya majini yaliyotua kiangazi. Jozi moja, mwaka mmoja.

“Hapa ilikuwa neema,” anasema, ncha ya kisu ikiwa juu ya mstari mnene wa kijivu. “Na hawa hapa waliikosa. Hesabu mwenyewe, miaka kumi na miwili mfululizo, mistari myembamba kama uzi. Kuna watoto walilala njaa hapa.”

Ana umri wa miaka arobaini na saba, watoto watatu, na miaka tisa ya kazi hii katika maabara inayochunguza hali ya hewa ya kale. Vipima mvua ni vitu vya juzi tu. Anayetaka kujua mvua ya miaka elfu nne iliyopita hana budi kuuliza vitu vilivyokuwepo: magogo, matumbawe, mapango, na tope kama hili, lenye chavua za miti iliyokwisha kutoweka na chembe za mkaa wa moto wa nyikani.

Yeye mwenyewe aliingia maabara na ndoo na ufagio. Alikuwa kibarua wa usafi, mwenye elimu ya darasa la saba, na siku asipofika hakulipwa.

“Nilikuwa napiga deki huku nachungulia,” anacheka.

Siku moja alimwona msaidizi wa maabara akikata tope, nalo likimomonyoka. Uvumilivu ukamshinda. “Kaka, kisu chako kikavu. Kiloweshe kwanza!”

Msaidizi yule akamkabidhi kisu kwa mzaha. Mama Tope akakichovya majini, akakata kipande laini kama sabuni. Mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Udongo ameushika tangu hajaota meno ya ukubwani. Miezi mitatu baadaye akaajiriwa, kwa mshahara wa mwezi.

Nyumbani hawakumwelewa upesi. “Wifi yangu alinicheka mpaka akakaa chini,” anasimulia. “Akaniambia, wenzako wanaosha matope, wewe unayatia kwenye friji!”

Miaka miwili iliyopita, maabara ilikuwa ikikamilisha ripoti kwa wahandisi waliotaka kujenga bwawa la maji ya kunywa. Swali lao lilikuwa moja: ukame mrefu kabisa uliwahi kudumu miaka mingapi? Mabomba yalionyesha ukame wa miaka kumi na tisa, na mwingine kama huo karne kadhaa baadaye. Bwawa lingepimwa kwa hesabu hiyo.

Akilisafisha bomba la saba kwa ajili ya picha, Mama Tope akasita. Katika mstari mnene wa mafuriko, chembe za mchanga zilikuwa juu, na udongo laini chini. Akautazama mstari mwingine. Vilevile.

“Mama alikuwa akikoroga udongo kwenye ndoo, anaacha utulie,” anasema. “Mchanga hutangulia chini kila mara. Sijawahi kuona ukikaa juu.”

Siku mbili hakumwambia mtu. “Nilijiuliza, mimi nani? Darasa la saba nimkosoe mtu mwenye shahada tatu? Kama nimekosea, nitaweka wapi uso wangu?”

Aliyemsukuma ni mumewe, fundi viatu. “Mke wangu, kiatu kikishonwa kinyume, anayeona ndiye anayesema,” alimwambia. “Hata awe mpita njia.”

Kesho yake akaingia ofisini kwa mkuu wa maabara, ambaye wote humwita Daktari, akiwa na chupa ya maji aliyotia udongo na mchanga.

“Shikamoo, Daktari. Naomba dakika tatu.”

“Marahaba, mama. Kuna nini?”

Akaitikisa chupa, akaiweka mezani. Wote wawili wakaitazama mpaka mchanga ukazama na udongo ukaanza kutua juu yake. “Sasa twende ukaone bomba la saba,” akamwambia.

Daktari aliinamia hadubini karibu saa nzima. Alipoinua kichwa alisema, “Mama, kitabu tumekisoma miguu juu.”

Bomba lilikuwa limeandikwa kinyume siku lilipotolewa ziwani. Vipimo vya umri wa chembe za mkaa vilithibitisha baada ya wiki tano. Lilipogeuzwa, ukame uliokuwa kwenye ncha yake ya juu ulishuka chini, ukaungana na ule wa bomba la nane, linalofuata chini yake. Hazikuwa njaa mbili. Ilikuwa moja, ya miaka thelathini na minane.

“Niliona aibu kwa dakika kumi,” anasema Daktari. “Shukrani haijaisha mpaka leo.” Ripoti ilisahihishwa, wahandisi wakaongeza kina cha bwawa, na jina la Mama Tope likaandikwa la nne kati ya waandishi wa makala ya kitaalamu.

“Nilirudi chumba baridi nikalia,” anakumbuka. “Nilimlilia mama. Alikufa akidhani kazi yake ya udongo inaishia kwenye chungu.”

Sasa anasoma masomo ya sekondari jioni na atafanya mtihani wa kidato cha nne mwakani. “Hisabati inanitoa jasho, ila nami siibembelezi.”

Jambo moja bado: kwa miaka yote tisa, hajawahi kuliona ziwa lenyewe. Mwezi ujao ataliona. Daktari amemwingiza kwenye kikosi kitakachokaa wiki mbili juu ya chelezo, jukwaa linaloelea ziwani, kikichimbua tope jipya. Sharti ni moja, kila mmoja ajue kuogelea.

Kila Jumamosi, kwa hiyo, anakwenda na binti yake wa mwisho kwenye bwawa la kuogelea la shule ya jirani. Binti ndiye mwalimu, na hana huruma.

“Wiki ya kwanza nilikunywa maji ya kutosha ukoo mzima,” anasema, akilifunika bomba kwa nailoni. “Lakini juzi nimevuka upana wote bila kushika ukingo. Umebaki urefu.”