Nyambura Alivyokataa Tuzike Haraka

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa ajili ya uji. Nilifika Mwiki nikakuta uji wa mjukuu wangu Mwangi umefunikwa kwa sahani, haujaguswa, na mwenyewe hayupo tena. Alikuwa mtoto wa kutambaa. Alilala mchana akiwa mzima, na Mama Achieng', jirani aliyelea watoto wa wapangaji wa ploti nzima mama zao wakiwa kazini, alipoenda kumwamsha akamkuta amekwisha.

Nilikuwa nimetoka Murera na dada yangu. (Ng'ombe nilimwachia jirani asiyejua kukamua, lakini hayo ni mengine.) Ploti ilijaa maneno. Mara Mama Achieng' amemlalia, mara amempa dawa ya usingizi. Jamaa mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

Dada yangu akasema, "Tuzike kesho. Mtoto hapasuliwi kama kuku."

Nyambura, mkaza mwanangu, mama wa mtoto, akainua kichwa kumtazama shangazi wa mumewe. "Tata, nakuheshimu. Lakini tukizika hivyo, na Mama Achieng' tumemzika. Wacha daktari aangalie kwanza." Akamgeukia yule jamaa. "Na wewe, weka hilo jiwe chini. Mtoto ni wangu ama ni wako?"

Mimi nilikuwa namkumbuka mama yangu. Nikiwa kijana, ndugu yangu mchanga alifia usingizini, tukamzika jua halijatua. Wanawake mtoni wakasema mama alimlalia. Alizeeka na neno hilo, na ukweli hakuujua mtu, hata yeye mwenyewe. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Basi nikamkubalia Nyambura, tukaenda mochari ya hospitali, Thika. Daktari alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini. "Mzee, nitamshona vizuri, mtamvalisha nguo zake. Na pengine nisipate jibu. Nikikosa, nitawaambia nimekosa." Mimi niliishia darasa la tatu, lakini msomi wa kusema hivyo sikuwa nimekutana naye.

Jibu alipata. Nyama ya moyo wa Mwangi ilikuwa nene kupita kiasi, alizaliwa hivyo. Hakuna aliyemdhuru. "Ugonjwa huu hurithiwa," akasema. "Mko na mwingine? Mleteni apimwe moyo."

Kaka yake Njoroge, mwenye jina langu, akapatikana nao. Leo anameza dawa, mpira alikatazwa, kwa hivyo ananimaliza mimi babu yake kwa drafti. "Guka, hapo ulikuwa unaangalia nini?"

Kaburini Nyambura alimshika Mama Achieng' mkono, wakatupa udongo pamoja. Dada yangu akawapisha.

Mwanangu, mtoto akiondoka ghafla usikimbilie mchawi wala jirani. Kubali aangaliwe. Haimrudishi, na kuna wakati daktari hutoka mikono mitupu. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua, na aliyebaki hai naye ana haki yake. Mama yangu angetoa shamba lake lote aambiwe alichoambiwa Mama Achieng': si wewe.

Nenda salama. Mungu akupe watoto wa kukuzika, nawe usizike hata mmoja.