Dumu la Bi Mwanasha na Nafasi ya Ng'ambo

Niliondoka Port Reitz Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kwenda Likoni kuchukua mkojo wa mtu mzima. Anayetaka kucheka acheke sasa. Mkojo huo ndio uliokuwa uniingize katika maabara ya ng'ambo, kwa utafiti wa baada ya shahada ya uzamivu, nikaichunguze serotonini, kemikali inayopeleka habari ndani ya ubongo, na mabaki yake hutoka kwa mkojo. Profesa wa huko alitaka matokeo ya wagonjwa kumi wa kipandauso, mkojo wa siku nzima ya maumivu, yamfikie kwa faksi Jumatatu. Nilikuwa na tisa. Wa kumi alikuwa Bi Mwanasha, na kichwa kilikuwa kimempanda jana yake.

Changamwe, saa moja. Malori ya bandarini yalikuwa yameziba njia, nami nimekumbatia sanduku la barafu na kuwalaani madereva wote.

Kivukoni, saa mbili na nusu. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Kaka, wauza samaki gani?" mzee mmoja aliniuliza.

"Siuzi!" nilimjibu kwa ukali asiostahili.

Likoni, saa tatu. Bi Mwanasha alikuwa amelala, kichwa kakifunga kanga. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo. Binti yake, Mwanahamisi, akaniletea kwa mikono miwili dumu nililowaachia. Lilikuwa limejaa mpaka kwenye kizibo. Lita tano!

"Huu wote ni wa mama?"

"Mama alipata kidogo, hata maji hakunywa. Sasa mgeni twampaje dumu nusu? Twaona haya. Nikatia mimi, akatia dada, na mjomba naye alipopita akatia."

Damu ilinichemka. Mimi ni mtoto wa pwani, najua sahani ya jirani hairudi tupu, lakini mkojo? Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. Niliwaambia wameniharibia maisha.

Mwanahamisi hakurudi nyuma. "Wallahi hukusema! Ulisimama pale mlangoni, watazama viatu vyako, ukasema jazeni humu, ukaenda zako. Tumejaza."

Ilikuwa kweli. Niliona aibu kutaja mkojo mbele ya mama wa makamo ya mamangu, basi nikakimbia bila kueleza lolote.

"Msigombane," Bi Mwanasha alisema. "Mwanangu, mimi nataka kujua moja tu. Hiki kichwa, dawa yake waniletea lini?"

Nilichukua dumu nikatoka.

Kivukoni tena, saa sita. Nililitazama lile dumu njia nzima. Profesa asingejua ni mkojo wa nani. Ningeupima, ningepata kumi, ningepanda ndege.

Port Reitz, alasiri. Niliumwaga chooni huku nikitukana peke yangu. Jumatatu nilituma matokeo ya watu tisa na kueleza kwa nini. Jibu lilikuwa fupi: walitaka kumi, nafasi amepewa mwingine.

Nilimkasirikia profesa mwaka mzima, na nyumba ile ya Likoni pia. Sasa hasira yangu imebaki kwa mtu mmoja. Watu wale, pamoja na mjomba mpita njia, walitoa walichokuwa nacho wakiamini natafuta dawa ya mama yao. Mimi nilikuwa natafuta tiketi ya ndege.