Ukiniona Naandika, Nikatize

Mama yangu mzazi, mkulima wa mahindi kule njia ya Peramiho, aliwahi kunifuata kazini. Akachungulia kwenye kioo cha mlango wa wodi, akarudi nyumbani kutangaza kwamba binti yake si muuguzi, ni karani. "Nimemwona kwa macho yangu," aliwaambia wadogo zangu. "Kainama, anaandika tu." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilinuna wiki nzima, maana nimesomea kazi hii na naijua, tena naijua vizuri.

Lakini hakusema uongo. Katika wodi yetu ya wagonjwa mahututi hapa Songea, kila saa unapima presha, mapigo ya moyo, pumzi, joto na mkojo, kisha unaandika kwenye chati. Ukimaliza chati, unahamishia kwenye rejista. Ukimaliza rejista, kompyuta inakusubiri, nayo inataka yaleyale uliyokwisha kuandika mara mbili, tena kwa mpangilio wake. Hapo bado fomu za bima, bado hesabu ya mabomba ya sindano na glovu, bado ripoti ya kukabidhi zamu. Daktari naye ana za kwake, na zake ni ndefu kuliko zangu. Tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Sawa, nakubali, karatasi nzuri imewahi kuniokolea mgonjwa. Ila jamani, njia mbili zilimshinda fisi, na sisi tunaambiwa tuzipite zote tukikimbia.

Wiki ninayoikumbuka ni ile tuliyoambiwa wakaguzi wanakuja. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu sisi wakitangazwa tu, mwenyeji anaugua. Mafaili ya miezi iliyopita yalishushwa kabatini, na inchaji, msimamizi wa wodi, mwanamke niliyesoma naye chuo na ambaye nampenda mpaka leo, alikuwa anapita kitanda hadi kitanda akiuliza nani hajasaini wapi.

Katikati ya vurugu hiyo gari la wagonjwa likaleta binti kutoka Tunduru. Alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, kisha kifafa cha uzazi kikamkamata, degedege juu ya degedege. Mtoto alipelekwa chumba cha watoto wachanga, anywe maziwa kwa kikombe, na mama yake akaja kwetu hajitambui. Aliyemsindikiza alikuwa mama yake mzazi, mkulima wa korosho kutoka Nalasi, mwembamba, ushungi mweusi, sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniombea dua kabla hata hajaketi. Wodini kwetu mchana tunamruhusu ndugu mmoja akae kando ya kitanda, kwa sababu mikono yetu haitoshi. Nilimwekea kiti nikamwambia, "Mama, angalia kifua chake. Pumzi ikibadilika, mwambie yeyote kati yetu."

Dawa ya kuzuia degedege tuliyokuwa tunampa ni dawa nzuri, ila ina ukali wake. Inatoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo zikichoka, inabaki ndani, inalegeza misuli, na pumzi inaanza kupungua polepole bila kelele. Binti yule mkojo wake ulikuwa haba tangu alipofika. Tulilijua hilo, tulikuwa tumeliandika kote kunakotakiwa.

Asubuhi ya pili nilikuwa kitanda cha mwisho, namnyonya kwa mashine makohozi ya kooni mzee mmoja aliyeungua na moto wa shamba. Kazi hiyo huiachi katikati. Muuguzi mwenzangu alikuwa ameitwa ofisini kwenda kusaini mafaili. Daktari wetu, kijana mpole na hodari, alikuwa kwenye kompyuta. Meza ya kompyuta ilikuwa imesukumwa ukutani, karibu na soketi ya umeme, kwa hiyo ukiketi hapo unawapa wagonjwa wote mgongo. Nilikuwa nikimtania kwamba amesomea udaktari wa kibodi. Siku ile hakucheka, kwa sababu alikuwa anaingiza upya taarifa zilizogoma kuingia jana yake.

Nilipomaliza na yule mzee, nikageuka. Nikamwona yule mama wa Nalasi amesimama nyuma ya daktari, hatua chache tu, mikono ameikutanisha kifuani, kichwa ameinamisha. Amesimama kama mtu aliye kwenye foleni.

"Mama, unasubiri nini?"

"Namsubiri daktari amalize kuandika, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Binti yangu pumzi zake zimekuwa chache."

Loo! Sijui nilifikaje kitandani. Binti alivuta pumzi moja, kisha kimya. Nikangoja nyingine mpaka nikahisi yangu ndiyo inakata. Nikamgonga goti kuona kama mguu utaruka, haukuruka; dawa ilikuwa imemzidi. Mashine ya kidoleni inayopima oksijeni ilikuwa haijapiga kelele hata kidogo, maana alikuwa na barakoa ya oksijeni, na namba ilikuwa bado inapendeza. Nikapaza sauti, "Daktari! Kalsiamu!" Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikambana binti barakoa ya mfuko wa kupulizia, nikaanza kumpumulia kwa mkono wangu, huku daktari akimchoma kalsiamu, ambayo ndiyo inayoizima dawa ile, mshipani polepole, inavyotakiwa, jasho likimdondoka puani na baridi ile ya Songea. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni. Nilimsikia akisema, "Ya Rabi, ya Rabi," basi.

Alirudi. Kwanza kifua kilinyanyuka chenyewe kidogo, kikanyanyuka tena, kisha nikahisi mfuko unasukumwa mkononi mwangu na pumzi yake mwenyewe. Naweza kusema bila aibu kwamba nililia, na bado nikahesabu pumzi huku nalia, kwa sababu ndiyo kazi.

Tulipomtuliza, nikachuchumaa kwa yule mama. Nilikuwa na hasira inayotafuta pa kutua. "Mama, nilikwambia utuambie. Mbona ulisimama?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, alikuwa anaandika. Kwetu mtu wa serikali akiandika unasubiri. Jirani yangu alimkatiza karani anaandika majina ya wa kupewa salfa, dawa ya mikorosho, karani akaruka jina lake. Msimu ule hakupata hata mfuko. Sasa mimi nikimkatiza daktari, akamruka mwanangu?"

Hasira yangu ikaondoka kwake, ikajua pa kwenda. Mwanamke huyu hakuzembea. Alikuwa amemlinda mwanawe kwa adabu yote aliyofundishwa, na adabu hiyo ndiyo ilikaribia kumzika. Tena alikuwa amesoma wodi yetu sawasawa: aliona kwamba hapa kalamu ndiyo bosi.

Siku hiyohiyo nikamwambia daktari anishikie meza upande mmoja. Tukaichomoa ukutani, tukaigeuza mpaka anayeketi aone vitanda vyote. Waya wa umeme haukufika, nikamtuma mtu akalete ekstensheni. Inchaji akaingia akatukuta.

"Shoga, unafanya nini? Kesho wakaguzi wanaingia. Mpangilio wa wodi umechorwa, upo ukutani."

"Basi ukachorwe mwingine."

"Na mafaili? Umesaini?"

"Sijasaini, na leo sisaini. Binti huyu karibu afe na sisi watatu tuliosoma tuko zamu, wawili wanaandika. Kuanzia sasa, katika wodi hii, mmoja akiandika mwingine macho yake yako kwa wagonjwa, na hatoki kwenda kusaini chochote. Kama kuna karatasi itachelewa, ichelewe. Wakiuliza, waniulize mimi."

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Thubutu! Wakikufukuza nakuja kulima na wewe."

Hakucheka. Alimwangalia binti, akaangalia mfuko wa kupulizia ulioning'inia kitandani. Kisha akavuta kiti cha pili akakiweka mwenyewe kando ya meza, akaketi, akaanza kuingiza taarifa za daktari ili daktari aende kwa wagonjwa. Ndiyo maana nampenda.

Mimi nikarudi kwa mama wa Nalasi. "Sikiliza, mama. Ukiniona naandika, nikatize. Ukimwona daktari anaandika, mkatize. Hata akija mkubwa wa wakubwa, kama mwanao ana shida, mvute mkono. Hatuandiki majina ya salfa hapa. Hakuna atakayemruka." Akasema, "Haya, mwanangu," lakini sikuona kama ameamini.

Wakaguzi wakaja kweli, wengi kuliko vitanda, wamevaa sweta na vitambulisho. Kiongozi wao, mwanamume wa makamo mwenye miwani, aliuliza kuhusu meza, nikamjibu kwa sentensi fupi. Aliuliza kuhusu mafaili yasiyosainiwa, nikamjibu kwa fupi zaidi. Akawa anaandika kila kitu. Tulipofika kitanda cha yule binti, akasimama miguuni pake, akafungua ukurasa mpya, akaendelea kuandika.

Mama akanyanyuka kutoka kitini. Nilimwona akisita. Nikaona mkono wake unakwenda mbele, unarudi, unakwenda tena. Kisha akamshika mkaguzi yule kiwiko, kalamu ikateleza karatasini.

"Baba," akasema, "naomba uache kuandika kwanza. Mwanangu anasema kitu."

Inchaji akanitolea macho. Mkaguzi akamtazama mama, akatazama ule mstari mrefu wa wino aliousababisha, kisha akainama kitandani. Binti alikuwa amefumbua macho. Tangu afike hakuwa ametamka neno. Midomo ilikuwa mikavu, sauti haikutoka vizuri, ikabidi sote tusogee.

"Anasemaje?" mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo.

Mama akajibu, machozi yanamtiririka hata hayafuti. "Anamuuliza mtoto wake. Anauliza kama amekunywa."

Nilikwenda mwenyewe chumba cha watoto wachanga. Nilirudi naye amefungwa khanga ya bibi yake, ana hasira za njaa, anapiga kelele korido nzima. Binti hakuweza kuinua mikono, kwa hiyo mimi na mama yake tukamshikia, mmoja kila upande. Nikavuta pazia. Wageni wetu walibaki nje ya pazia, hakuna aliyeandika, wakisikiliza mtoto akinyonya.